Sofa mpya haikaliki? Ikague chini kabla hujanunua sponji nyingine

Mtu akinunua sofa mpya halafu akagundua haikaliki, neno la kwanza mdomoni ni "sponji mbovu". Anampigia fundi, fundi anakuja, anabonyeza mara moja anakubali (si kazi imejileta yenyewe), sponji inabadilishwa, hela inaenda, na baada ya muda mfupi mgongo unauma palepale. Mimi kazi yangu ni kufumua makochi na kuyashona upya, niko Ndeeba hapa Kampala, na nakwambia sponji inasingiziwa sana. Mara nyingi shida iko chini yake, ama iko nyuma ya mgongo wako, ama vipimo vya kiti na vya miguu yako havijakubaliana, na zote hizo zinarekebishika kwa hela kidogo kuliko sponji mpya. Kwa hiyo usinunue kitu kwanza, tuikague.

Kavera itoke leo

Najua watu wetu wanapenda kuacha ile nailoni ya dukani ili sofa ionekane mpya mwaka mzima, wageni waone. Itoe. Sponji inapumua, ukikaa hewa inatoka na ukiinuka inarudi, sasa ukiifunga ndani ya kavera hewa inakosa pa kupitia, mto unabaki umefura, unakuwa mgumu, unakutelezesha mbele, mapaja yanatoka jasho, na kila ukijigeuza inalia kwaru kwaru mpaka mnakosa kusikia taarifa ya habari. Mvua za Machi na Aprili zikija unyevu unabaki humo humo na mto unaanza kunuka. Kuna nyumba niliitwa Kyaliwajjala, mama analalamika sofa ngumu ngumu, nikakata nailoni kwa kisu chake cha jikoni, akakaa, akacheka, nikanywa chai nikarudi zangu hata mkoba wa vifaa sijafungua.

Kama kavera imetoka na bado ni ngumu lakini hakuna kinachouma, ivumilie wiki kadhaa. Sponji mpya ikiwa nzuri hulegea kidogo mwanzoni, ni kawaida. Ila ilegee yote sawa, maana nyumba nyingi baba ana pembe yake ya kutazamia mpira na upande wa pili unangoja wageni wa Jumapili, basi pembe ya baba inabonyea na ule mwingine uko vilevile ulivyotoka kwa seremala. Mito kama inatoka na saizi ni moja ibadilishe nafasi kila wiki, na igeuze ya juu ikae chini.

Kaa, halafu jipime

Tafuta tepu, ama hata rula ya mtoto wa shule. Vua viatu, kaa mpaka makalio yaguse nyuma kabisa, usijivute mbele kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Sasa angalia nyayo zako ziko wapi, nyuma ya goti pana nini, na kiuno kimeegemea nini.

Nyayo zinatakiwa zikanyage chini zote. Zikining'inia, ukingo wa mbele unabana mishipa ya mapaja na miguu inakufa ganzi, hiyo sofa ni ndefu kwako. Magoti yakipanda juu kuliko nyonga, ni fupi. Nyuma ya goti, kati yake na ukingo wa kiti, vidole viwili vitatu vipite. Kama ukingo unakugusa goti hata kabla mgongo haujafika nyuma, kina cha kiti ni kikubwa kwako, na hapo ndipo maumivu mengi ya mgongo yanapotoka: mtu anashindwa kuegemea, anakaa amejikunja, jioni anasema sponji.

Kwa vipimo vya kawaida, kutoka sakafuni mpaka juu ya mto huwa ni sentimita 43 mpaka 48, na kina, yaani kutoka ukingo wa mbele mpaka mto wa mgongo, sentimita 50 mpaka 55 inafaa watu wengi. Siku hizi wateja wanaleta picha kwenye simu, zile sofa za kujilaza, kina sentimita 65 na zaidi. Kwa kulala mchana ni tamu kweli. Kwa kula matoke umeshika sahani mkononi, ama kwa mkwe aliyekuja na gomesi (lile vazi refu la heshima la kina mama) amekaa kwa heshima, ni mateso matupu, na mimi nikiulizwa nasema wazi, sofa ya sebuleni kwetu ni ya kukaa, ya kulala tunayo chumbani.

Kina kikiwa kikubwa usikimbilie kufumua. Chukua taulo ama blanketi, likunje, liweke nyuma ya kiuno (kiuno, si mabega, wengi wanakosea hapo wanajikuta wamesukumwa shingo mbele), kaa nalo jioni nzima. Ongeza mkunjo, punguza, mpaka mwili wenyewe uridhike, halafu bonyeza taulo kidogo upime unene wake. Huo unene ndio unakwenda kununua. Kama ni sentimita 10, basi ni kipande cha sponji cha inchi 4, kinakatwa urefu wa mto wa mgongo, kinashonewa kitambaa chochote maana hakionekani, kinasimamishwa nyuma ya mto. Kama kilichotosha ni taulo dogo tu, mto mdogo wa kiuno unamaliza. Mito ya mtumba utaikuta soko la Owino, na vitambaa nenda Kiyembe uchague rangi inayokaribiana na sofa, usihangaike kutafuta inayofanana kabisa, inayokaribia halafu ikakosa kidogo inakuwa mbaya kuliko rangi tofauti.

Sofa ndefu kwa mtu mfupi, dawa yake ni kigoda cha kukanyagia, ama kukata miguu ya sofa kama ni ya mbao. Pima mara mbili, kata kidogo, miguu yote minne na ule wa katikati kama upo, huo wa katikati ndio watu wanasahau halafu sofa inabembea.

Sofa fupi unaiinua kwa kubadilisha miguu. Ya chuma Katwe wanakuchomelea saizi unayotaka, ya mbao seremala yeyote. Usipange matofali ama vipande vya tailizi chini, sofa itateleza siku watoto wameirukia. Na hapa nikupe kitu ambacho hata mafundi wengine hawakwambii: mteremko wa kiti. Sofa nyingi kiti kimelalia nyuma kidogo, ni vizuri, kinakushika usiteleze. Lakini jaja mwenye magoti mabovu akizama huko nyuma hainuki bila kuvutwa mikono. Inua miguu ya nyuma peke yake sentimita 2 hivi, kiti kinanyooka, na mzee anasimama mwenyewe. Kinyume chake, kama unateleza mbele kila dakika, inua miguu ya mbele kidogo. Jaribu kwanza na vipande vya plaiwudi, kaa, sikilizia, ndio upigilie misumari.

Igeuze miguu juu

Kama ukikaa unazama, ama unasikia ubao unakugonga makalio, ama katikati pana shimo, hapo sasa shuka chini. Tafuta mtu wa pili, tandika mkeka, ilazeni sofa kwa mgongo wake. Chini utaona kitambaa chepesi cheusi kimepigwa pini. Chomoa pini za kona moja tu na bisibisi bapa, polepole kisichanike, washa tochi ya simu uchungulie.

Kuna unachoweza kukuta humo. Mikanda mipana ya elastiki iliyosukwa, inapita kwa urefu na kwa upana, hiyo ndiyo inatakiwa. Ama springi za kujipinda pinda, nazo ni nzuri zikiwa zimefungwa pamoja kwa waya. Ama mikanda michache imepita upande mmoja tu, ina nafasi ya kupitisha mkono, hapo umepunjwa. Ama gunia. Ndiyo, gunia la sukari ama la mahindi limevutwa likapigwa misumari, na juu yake vipande vya boksi, nyinyi huku juu mnakalia veliveti. Watu husema kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hapa umeuziwa gunia lenyewe.

Bonyeza mikanda kwa ngumi kwa nguvu. Inatakiwa ishuke kidogo na irudi yenyewe mara moja. Ikishuka ikabaki, ama ikishuka mpaka unakaribia kugusa upande wa pili, umepata mwizi wako, sponji haina kosa. Dawa ni mikanda mipya, na kazi yenyewe si ya kutisha: unapiga ncha moja kwenye fremu, unavuta mpaka inakaza, unapiga ncha ya pili, unaacha nafasi isiyozidi vidole vitatu, halafu ya kupita upande mwingine unaisuka juu chini juu chini. Kila ncha ikunjwe kabla ya kupigwa pini, isipokunjwa pini zinachana mkanda na mwaka haujaisha. Fundi anafanya sofa ya watu watatu asubuhi moja, na gharama kubwa ni mikanda yenyewe.

Kama hela haipo mwezi huu, weka plaiwudi chini ya mito. Ya milimita 9 inatosha, ikatwe pungufu kidogo kuliko kiti, pembe zizungushwe kwa msasa zisichane kitambaa, na itobolewe matundu kadhaa ili mto upumue. Lakini ujue ni dawa ya muda, kitu kigumu chini kinaifanya sponji ifanye kazi yote peke yake na inakufa mapema.

Ukiwa hapo hapo chini, shika fremu uitikise. Mbao zetu si sawa. Mvule na mugavu zinakaa miaka, ila seremala hawezi kukuuzia mvule kwa bei ya kalitunsi, yaani mkaratusi. Kirundu ni laini, msumari unaingia rahisi na unatoka rahisi vilevile. Tatizo kubwa kuliko aina ni ubao mbichi: seremala ana haraka, anafunga mbao haijakauka, ikifika kwako inakauka, inasinyaa, viungo vinaachia, na sofa ya miezi michache inaanza kulia kila mtu akikaa. Usimwage mafuta ya kupikia kwenye kiungo (nimeona!). Kata vipande vya ubao vya pembe tatu, weka gundi ya mbao, vifunge kwenye kona za ndani kwa skrubu, skrubu si misumari. Inanyamaza.

Haya, sasa sponji

Kama vipimo viko sawa na chini kuko sawa, ndio tufungue zipu. Ukikuta mabaki ya sponji ya rangi rangi yamejazwa tu, hayo yatajikusanya kwenye pembe na katikati pabaki patupu, hakuna dawa hapo isipokuwa kutoa. Usiyatupe lakini, yanafaa kujazia mito midogo.

Ukikuta kipande kizima, swali ni uzito wake. Muuzaji kila mmoja atakwambia ni haidensiti, hata ile inayobonyea kwa kidole. Densiti ni kilo za sponji kwenye mita moja ya ujazo, basi, na kitu kinachopimwa kwa kilo hakihitaji kuaminiana. Chukua kipande cha inchi 24 kwa 24, unene inchi 6, kipeleke kwa muuza nyama ukiweke kwenye mizani yake. Densiti 30 itakuwa kama kilo 1.7. Ikisoma kilo moja tu, hiyo ni 18 hivi, inafaa mto wa mgongo, si ya kukalia. Ya kukalia mimi sishuki chini ya 28, na kwa nyumba yenye watu wazito ama watoto wa kuruka naenda 32 na zaidi.

Na usichanganye densiti na ugumu. Kuna sponji nzito na laini, kuna nyepesi na ngumu. Densiti inakwambia itadumu kiasi gani, ugumu unaupima kwa kukaa tu, tena kaa dukani, usibonyeze kwa kidole, kidole hakina makalio.

Sofa ngumu kupita kiasi hata baada ya kuivumilia, si lazima ubadilishe yote. Kata inchi 1 mpaka 2 upande wa juu, weka laini ya unene huo huo, ibandike kwa gundi ya sponji pembeni pembeni, halafu zungushia faiba, ile pamba nyeupe ya kujazia mito. Chini pagumu panakubeba, juu palaini panakupokea. Ukinunua sponji nzima mpya, ikatwe ipite foronya kwa nusu inchi kila upande, iingie kwa kulazimishwa, la sivyo kitambaa kitakunjamana na utaona kama umedanganywa tena.

Sponji ikinuka gundi, fungua madirisha, toa mito ikae kivulini panapopita upepo siku chache. Usiianike juani bila foronya, jua linaigeuza njano na inaanza kumeguka unga. Sofa ya leza ya plastiki, yaani ngozi bandia, kwa joto letu inabandika mapaja, tandika shuka la pamba ama vile vitambaa vya kushona kwa mkono ambavyo kila mama anavyo kabatini, na usiipake Vaseline ing'ae, itakuchafulia nguo na bado itakwaruka.

Kurudi kwa aliyekuuzia

Rudi mapema, wiki hiyo hiyo kama unaweza, na usirudi na maneno ya "sofa yako mbaya". Ubaya hauna ushahidi. Rudi na picha ya gunia, picha ya tepu ikionyesha sentimita, na kipande cha risiti. Kwa hawa wa barabarani Nsambya na kwetu Ndeeba, ukija kwa upole, "fundi habari za kazi, njoo uone mikanda imelala, tusaidiane", mara nyingi anatuma kijana na stepla bila kelele, maana anafanyia kazi palepale barabarani, anaonekana na kila mpita njia. Ukija unapiga makelele mbele ya wateja wake atakutetea nani. Omba kurekebishiwa kabla ya kuomba hela, hela ya seremala imeshageuka mbao.

Kama uliandikiwa densiti fulani, ama ulionyeshwa sampuli, ama ulimweleza fundi kabisa kwamba sofa ni ya mzee wa magoti, na ukapewa kitu kingine, sheria ya Uganda ya mwaka 2017 ya uuzaji wa bidhaa na huduma iko upande wako: bidhaa ifanane na maelezo na sampuli, na ifae kazi uliyosema. Yale maandishi ya risiti kwamba kikishauzwa hakirudi yanatisha watu, lakini kama ulichopewa sicho mlichokubaliana bado una la kusema. Akigoma, anza kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa wako), wengi wanamalizana hapo. Ikishindikana kuna utaratibu wa mahakama wa madai madogo, yasiyozidi shilingi milioni 10, unajisemea mwenyewe bila wakili. Ila kama sofa ni ile ile uliyochagua na tatizo ni kwamba tu huipendi, hapo sheria haikusaidii, ni kurekebisha ama kuiuza ingali mpya, na sofa ya kina kirefu inapata mteja haraka kwa vijana.

Ikibidi irudi kwa fundi, piga picha pembe zote kabla haijapakiwa kwenye tukutuku (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu), mito funga peke yake, na mkubaliane kwa maandishi anabadilisha nini: mikanda mingapi, sponji densiti gani, unene gani. Usimlipe yote. Sofa ikirudi vua viatu, kaa nayo dakika kumi na yeye akiwepo, mkaribishe soda, na kama nyayo zinakanyaga na kiuno kimeegemea, hapo ndio utoe hela iliyobaki.